Gide wa Ziara Fupi

Sisi wa Kasenga, mtaa wa hapa Uvira, tulimwita Gide kwa sababu ya kazi yake ya kuongoza wageni, na hapa sitamwita jina lingine. Jina lake ninalo. Lakini habari hii inamgusa mama mmoja na vijana wake wawili, na ingawa wamekwisha kuvuka mpaka na kwenda mbali, wala hakuna anayejua mbali hiyo ni wapi, mdomo wangu bado una hofu. Basi Gide atabaki Gide, na yule mama atabaki mjane wa shemasi. Anayetaka majina na aende kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa.

Nitasema mapema, maana sipendi watu wanaomzungusha msikilizaji. Gide alikuwa na neno moja alilotaka kumwambia huyo mjane kabla yeye mwenyewe hajafa. Alilibeba miaka minne, likamkondesha mpaka suruali zake zikahitaji kamba, na ukimtoa padri mmoja, mimi peke yangu ndiye niliyelijua.

Mimi nina restora. Usifikiri hoteli. Ni meza sita, mabenchi, na masufuria yangu, karibu na karakana za maseremala. Miaka na miaka Gide aliwaleta wageni wake kula kwangu kabla ya kuondoka na baada ya kurudi, na miaka hiyo yote tuligombana. Tuligombana juu ya pilipili, juu ya redio, juu ya nani alianza kumwita mwenzake mzee. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba siku akitukuta tumenyamaza ataita muganga, maana mmoja wetu atakuwa anaumwa.

Nje ya restora, kwenye nguzo yangu, bila kuniomba ruhusa, alipigilia ubao wa rangi ya bluu: ZIARA FUPI. MAHEKALU YA KALE NA VIJIJI VYA ASILI. Neno hekalu ni la Waprotestanti, ndivyo wanavyoiita nyumba yao ya ibada, naye alikuwa Mkatoliki wa kupiga magoti. Nilipomuuliza kwa nini anatumia maneno ya wenzake, alinijibu kwamba kanisa ni watu, hekalu ni nyumba, na yeye anaonyesha nyumba. Kuhusu hiyo fupi, sitaki hata kuanza. Ziara fupi ya Gide ilichukua siku mbili, na mvua ikinyesha zikawa tatu. Kuna bibi mmoja mzungu aliyepanga kurudi Bujumbura jioni ya siku hiyohiyo, akarudi siku ya nne na matope mpaka mapajani, akala bugali mbili na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, sahani nzima, akalia kidogo, akamkumbatia Gide. Nikamwambia Gide abadilishe ubao. Akasema inchi iko ndefu, ziara njo fupi; njo kwetu ni ndiyo.

Alianzia kanisa la matofali mekundu, lile la karibu na ziwa. Wageni walitaka kuona altare na madirisha. Yeye aliwazungusha kwa nyuma, kwenye ukuta wa sakristia, akawaonyesha tofali moja lenye alama ya kwato za mwanambuzi. Aliwaambia kwamba zamani, matofali yalipokuwa yameanikwa, mbuzi wa mtu fulani alipita juu yake, na fundi akaona si neno, akalichoma hivyohivyo. Kila mgeni ilibidi aweke kidole ndani ya ile alama. Maaskofu wamekuja na kwenda, alisema, na hakuna anayekumbuka hata mmoja, lakini huyu mbuzi yupo. Paroko mmoja alichukia kusikia hivyo, akamkataza kuingiza watu miezi mitatu.

Kisha moto, ndivyo tunavyoziita pikipiki, mbili au tatu, mpaka Runingu kwenye uwanda wa Ruzizi, kwa katekista mmoja aliyekuwa bado anaijenga upya kila kiangazi nyumba ya babu yake, nyumba ya duara, nyasi kutoka juu mpaka chini. Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na kibanda kidogo cha nyasi kinachofika magotini. Kila mtu wa Runingu anajua vibanda vile ni vya mizimu ya wazee waliokufa. Lakini katekista ni katekista, kwa hiyo yeye alisema ni cha kuku. Na Gide, ambaye aliweza kuzungumza saa nzima juu ya tofali, alipofika hapo alisimama wima, akavua kofia, akawatangazia wageni kwa sauti ya misa kwamba hiki ni kibanda cha kuku. Wageni wakaangalia kibanda, wakaangalia kofia mkononi mwake, wakaelewa. Hapo ndipo nilipompenda. Alijua mambo ambayo mtu huyaonyesha bila kuyasema. Ndiyo maana hili lililotokea baadaye linaniuma mara mbili.

Alikuwa na masharti mengi. Mgeni asimwoneshe mtu kwa kidole, atumie kidevu. Mgeni apige hodi hata kwenye nyumba iliyoanguka, kwa kuwa hujui nani bado anaihesabu kuwa yake. Mgeni akipewa maziwa anywe akiwa amekaa. Na bado yeye mwenyewe, mwenye masharti hayo yote, aliingia jikoni kwangu bila hodi na kufunua masufuria. Aliogopa ziwa, mtu wa Uvira, hakupanda mtumbwi maisha yake yote, na mukeke alikula kwa mashaka, eti hujui samaki amekula nini huko chini. Alikuwa Mkatoliki, lakini akiosha mikono aliimba nyimbo za Waprotestanti wa mlimani, mistari yote, kwa lugha yao. Alisema uongo juu ya miaka ya kila jengo. Nikimbana anasema kuongeza miaka ni heshima, hata kwa muntu.

Nyimbo hizo alizipata kwenye kituo cha tatu, ambacho ndicho kilikuwa ziara yenyewe. Kutoka uwandani walipanda kwa miguu upande wa Mulenge, mpaka kijiji cha wafugaji chenye hekalu la udongo. Kuta zilikuwa nene kiasi cha mkono mzima, mabenchi yalikuwa ya udongo uleule, yamefinyangwa pamoja na sakafu na kung'arishwa na makalio ya watu wa miaka mingi. Wageni walilala kwa shemasi wa hekalu hilo. Shemasi alikuwa mrefu, mpole, msema maneno matatu kwa siku, na Gide alimsemea yote yaliyobaki. Urafiki wao ulianza siku Gide alipopanda akiwa na malaria bila kujua, akaanguka mlangoni. Siku tisa mke wa shemasi alimnywesha maziwa kwa kijiko na kumfulia mashuka. Tangu hapo aliitwa shemeji kule, na wale vijana wawili wa nyumba ile walimwita baba mudogo.

Mtu wa mbali hawezi kujua uzito wa hilo. Gide ni mtu wa uwandani, wa majembe na mihogo. Wale ni wa ng'ombe. Kati ya watu hawa wawili yamepita maneno na damu ambavyo sitavielezea, kila upande una wafu wake na unakumbuka wa kwake tu. Hapa kwangu, mezani, nimesikia watu wakisema juu ya watu wa mlimani maneno ambayo ningeona haya kuyasema juu ya nyoka. Gide akiwa amekaa hapo aliinuka na sahani yake akaenda kumalizia kula nje, amesimama. Hakubishana. Na kwa Gide, kutobishana kulikuwa kazi kubwa kuliko kupanda Mulenge.

Kule mlimani kuna desturi ambayo kila mtu anaijua. Ng'ombe hawahesabiwi. Mwenye ng'ombe atakuambia rangi zao, majina yao, nani alizaa nani, lakini ukimuuliza ni wangapi atakutazama kama umemuuliza mke wake anavaa nini ndani. Kuwahesabu kwa sauti ni kuwaita wanaowataka. Gide aliwafundisha wageni hilo njiani, kabla hawajafika, kwa ukali kabisa. Mgeni aliyeanza kunyoosha kidole, moja, mbili, alipigwa kikofi cha mkono kama mtoto.

Sasa nije kwa wale watatu.

Walikuja msimu wa kiangazi, wanaume watatu, mashati safi, Kiswahili kizuri, Kifaransa kizuri. Walisema wametoka kwenye chama cha utamaduni na wanaandika kitabu. Walikula kwangu. Mmoja alisifia sombe yangu, mboga ya majani ya mihogo, akauliza naitwanga na nini, nikamweleza, nikafurahi, nikamwongezea. Nilimwambia Gide, hao ndio wageni, si wale wako wanaopiga picha na kutapika. Hayo niliyasema kwa mdomo wangu huu.

Na kweli walikuwa wageni wa ndoto. Miaka yote hiyo Gide alizungumza na watu waliokuwa wakiangalia simu. Hawa waliuliza. Waliuliza tofali, waliuliza nyasi hukatwa mwezi gani, waliuliza kibanda cha kuku na kucheka kidogo. Kufika mlimani, jioni, wamekaa nyuma ya hekalu wakitazama makundi yanavyorudi, waliuliza ibada kubwa ya mwaka inafanyikaje. Akawaeleza kwamba ni siku tatu za maombi, vijiji vyote vinakusanyika, hata wachungaji wa ng'ombe wanaingia. Wakauliza, na ng'ombe? Akawaeleza kwamba ng'ombe wote wanapelekwa kwenye bonde lile pale, kwa kidevu chake, na shemasi mwenyewe hukaa nao kwa zamu ya siku ya kwanza, kwa kuwa anapenda kuomba akiwa peke yake. Wakauliza ni kundi kubwa kiasi gani hilo. Akasita. Kisha akawahesabia.

Alinisimulia haya yote baadaye, na hapo kwenye kusita ndipo alipokuwa akisimama kila mara. Alisema hakuna aliyemlazimisha. Alisema mmoja wao alikuwa na daftari na kalamu imeinuliwa inangoja, na yeye hajawahi katika maisha yake kuona mtu akingoja neno lake namna ile.

Siku ya kwanza ya maombi, watu wakiwa ndani ya hekalu wanaimba, wenye bunduki waliingia kwenye lile bonde. Walichukua ng'ombe wote. Shemasi walimkuta amepiga magoti, ndivyo wanavyosema, na hapo walimwacha amekufa.

Ni akina nani, sijui. Huku kwetu wenye bunduki wana majina mengi na kila mwezi yanabadilika. Huenda wale watatu hawakuhusika. Huenda kweli waliandika kitabu. Nilimwambia Gide hivyo mara mia, kwamba ibada ile inajulikana na kila mtu kuanzia Runingu mpaka juu, kwamba mwizi wa ng'ombe hahitaji gide. Alinisikiliza. Kisha aliniuliza kama nimewahi tena kuwaona wale watu, au kukiona hicho kitabu.

Kwenye kilio, matanga ya shemasi, alipanda. Alijua lazima apande, asipopanda watu watauliza. Alitembea akijiandaa kusema, aliniambia, alikuwa ameyapanga maneno kama anavyopanga ziara, kwanza hili kisha lile. Alipofika mlangoni mjane alimwona, akainuka kutoka mkekani mbele ya waombolezaji wote, akamshika mabega na kumlilia kifuani, akisema shemeji, ndugu yako ametuacha. Wale vijana wakaja wakamshika kila mmoja upande wake. Wakamkalisha sehemu ya ndugu. Maneno yote yakakauka. Alikaa siku tatu kwenye sehemu ya ndugu, akala chakula cha ndugu, akashuka.

Tangu hapo sikuwa na Gide tena, nilikuwa na mtu aliyevaa kofia yake. Wageni waliendelea kuja kidogo, naye aliendelea kuwaongoza, hilo ndilo lililonishangaza, ila ziara ikawa inakatika. Kwanza aliacha mlima, akasema njia imeharibika. Kisha aliacha Runingu. Mwisho aliwapeleka kanisani tu, akasimama nao mbele ya ukuta wa matofali, na wakiuliza swali akajibu hajui. Ni la mwaka gani? Sijui. Nani alijenga? Sijui. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuja kulalamika kwangu kwamba gide wangu ni bubu. Nikamwambia mwanafunzi ale chakula chake anyamaze, nikaingia jikoni nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia Gide. Baadaye, nilipojua yote, nilimkasirikia kwa ng'ombe wale, kwa kalamu ile iliyoinuliwa, kwa kiburi chake cha kupenda kusikilizwa. Nilijikasirikia kwa sombe niliyoongeza. Sijapoa mpaka leo.

Kisha yakaja mengine. Kijiji kile kilichomwa, na hekalu nalo, mabati yakachukuliwa, mvua ikafanya kazi iliyobaki kwenye zile kuta. Mto ulishuka na mawe na kubeba nyumba za watu huku mjini. Ziwa lilipanda likakaa kwenye barabara. Vita ikawa inakuja, inaondoka, inarudi na watu wengine. Ubao wa bluu niliung'oa mwenyewe kwenye nguzo ili watu wasiniulize ninafanya kazi na nani. Gide aliuona umelala nyuma ya kuni, akapita.

Na watu wa mlimani walishuka. Mjane wa shemasi alifika Uvira na vijana wake wawili na mkaza mwana mmoja, baada ya kukimbia mara tatu, wakapata chumba kimoja huku kwetu Kasenga, mwendo wa dakika kumi kutoka restora yangu. Alikuja kununua makaa, nikamjua kwa namna Gide alivyonisimulia. Nikamwambia Gide. Kisha kwa mwaka mzima alizunguka njia ya juu, kupitia shule, ili asipite mbele ya nyumba ile. Mzee mzima, na kifua chake kile kibovu, anapanda kilima kila siku kukwepa mlango.

Ni kifua kilichomfanya aamue. Hospitali walimpiga picha, wakampa dawa za kupunguza maumivu tu, naye alielewa. Akaja kwangu asubuhi moja kabla sijawasha moto, akaniambia kila kitu, tangu daftari mpaka kilio. Nilikuwa nimekwisha kukisia nusu. Akaniomba nimsindikize kwa yule mama, kwa kuwa peke yake miguu itakataa.

Nilikataa. Nilimwambia aende kwa padri, ndiyo kazi yao.

“Nilikwenda,” alisema. “Padri alinisamehe muzuri sana. Lakini yeye hakufiwa.”

Nikamuuliza anataka nini hasa, anataka mama wa watu amwambie si neno? Akasema hapana. Anataka tu yule mama ajue ni nani anayemwita shemeji. Akasema kila akikumbuka alivyomlilia kifuani anasikia kama amemuibia tena. Akipenda amtemee mate, akipenda awaite vijana wake, lakini asife akiwa bado anaitwa shemeji na muntu ambaye hajui. Nilimtazama alivyokuwa amebaki mifupa ndani ya shati. Nikasema haya, baada ya chakula cha mchana.

Tulikwenda kwa miguu, polepole, tukipumzika kwenye kila ngazi ya duka. Alikuwa amenyoa ndevu. Njiani alirudiarudia maneno yake kwa sauti ya chini, nami nilitembea mbele kidogo nisiyasikie. Tulipofika, wale vijana wawili walikuwa uani wanapasua kuni za jirani. Waliacha mashoka. Mkubwa alimkimbilia, akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema baba mudogo, umetutupa, mwaka yote hii! Mdogo alimletea kiti pekee walichokuwa nacho, akakipangusa kwa shati lake.

Mjane alitupokea ndani. Chumba kilikuwa na vitanda viwili na pazia. Mkaza mwana alileta chai ya maziwa ya unga, akatoka. Waliulizana hali, wakaulizana usingizi, wakaulizana kifua. Kelele za mashoka zilirudi uani. Gide aliweka kikombe chini, akavua kofia.

“Mama,” alisema, “nilikuya nikwambie jambo ya ile siku ya maombi. Kuna bageni nilibaletaka kwenu mbele ya ile siku.”

Mjane aliinua kiganja. Alikiinua taratibu, kama mtu anayezuia mlango usigonge.

“Shemeji, ngoja. Iko juu ya ng'ombe na bwana yangu?”

“Njo ile.”

“Basi usiiseme.”

Gide akasema lazima aseme. Mama yule alisogea mbele kwenye kitanda mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, na akazungumza chini sana, akiangalia mlango.

“Sikia. Ukiisema, minye nitakuwa nimeisikia. Na siwezi kubaficha batoto bangu damu ya baba yao, nimeapa. Bakijua, batakufwata. Bakikufanya kitu, bantu benu nabo batakuya huku, kwa bale bote benye balikimbia na minye. Nimekimbia mara tatu, shemeji. Nimebakia na hawa babili. Urudi na maneno yako.”

“Mama, niko nakufa.”

“Ninaona. Ukufe nayo.”

Hakuwa na hasira, hilo ndilo ningependa mtu alielewe. Alisema kama anavyosema mtu aliyekwisha kugawa unga wote na kuona hautoshi. Kisha alichukua kikombe cha Gide kutoka sakafuni, akakiweka mikononi mwake, akavikunja vidole vyake pembeni mwa kikombe, akamwambia anywe, itapoa. Gide alikunywa chote. Chai kidogo ikamwagikia shati. Mjane aliipangusa kwa ncha ya kitenge chake. Halafu aliniuliza mimi bei ya mihogo sokoni, nami, Mungu anisamehe, nilimjibu, tukazungumza mihogo mpaka Gide alipoweza kusimama.

Alitusindikiza mpaka nje. Mbele ya vijana wake alisema kwa sauti ya kawaida, shemeji asisumbuke tena kuja, kifua hakitaki mwendo. Wale vijana walisema basi wao ndio watakuwa wanakuja kumwangalia. Na walikuja. Kila Jumapili walikuja, na mayai, na sabuni, wakamkatia kuni, wakamwogesha alipokuwa hawezi tena kujiogesha. Mkubwa alimsimulia habari za baba yake. Gide alilala akitazama dari. Mara mbili nilimkuta ameuma shuka.

Alikufa kabla mvua hazijaanza. Tulimzika juu, kwenye udongo usiofikiwa na mto. Paroko alisema alikuwa mtu aliyeipenda nchi yake. Wale vijana wawili walibeba jeneza upande wa mbele, walikataa kupokezana, na mkubwa alilia kwa sauti njia nzima akiita baba mudogo, baba mudogo, mpaka watu wa uwandani, ndugu za Gide wa damu, wakaanza kulia kwa sababu yake. Kaburini mjane alikuja kusimama kando yangu. Hakunitazama. Alinishika mkono, akaubana, na hakuuachia mpaka walipomaliza kutia udongo.